Websaiti Haihami Mfungo Tano

Wiki iliyopita niliwaachia pale Mzee Mwinjuma alipokipiga kiganja mezani hadi chai yangu ikamwagika, akasema, "Koku, tunahama!"

Wapo walioliandikia gazeti kuuliza hoteli nzima itahamaje kutoka Kunduchi, na watalii watalala wapi. Jamani, nyie nanyi! Hoteli haikwenda kokote. Iliyokuwa inahama ni websaiti.

Kwa aliyenikuta leo: jina langu Kokushubila, wa Bukoba, niliyefukuzwa kazi mbili na kuachwa na mchumba mmoja, hayo mmeshayasoma na kuyacheka. Mwaka huo wa 1999 nilikuwa na mwaka na ushei tangu niangukie mapokezi kwa Mzee Mwinjuma. Kwa kuwa nilijua kubonyeza kompyuta, niliitengenezea hoteli kurasa zake kwenye mtandao, kwa kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikigawa nafasi bure. Wenyewe waliita mitaa. Unachagua mtaa, unatafuta kiwanja kitupu, unapewa namba ya nyumba, kisha unapanga picha zako humo. Sie tulikuwa Mtaa wa Pwani, nyumba namba 2714.

Picha ya kwanza kuiweka ilikuwa ya Bi Mwanakombo, dada mkubwa wa Mzee, ameketi barazani anachambua mchele. Mama yule alikuwa hapigwi picha hata kwenye harusi. Kwangu alikubali kwa sababu moja.

"Umesema dunia nzima itaniona?" aliniuliza.

"Dunia nzima, Bi Mkubwa."

"Hata walioko melini?"

"Wakishuka bandarini wakapata kompyuta, hata hao."

"Basi nipige. Huenda mwanangu akaniona."

Mwanawe ni Twaha. Alizamia meli miaka sita nyuma, na tangu siku hiyo hakuna salamu wala uvumi. Kila Ijumaa Bi Mwanakombo alikuwa akipita mapokezi, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kaniona?" Nami nasema bado, Bi Mkubwa, na ananijibu, "Haya, tutazame Ijumaa ijayo." Shikeni hapo, maana mengine yote ni fujo yangu na ya wenzangu.

Sasa kwa nini tuhame? Kwa sababu mwenye nyumba wa bure hana adabu. Alikuwa akituwekea matangazo yake sebuleni kwetu. Mgeni wa Denmark anafungua aone vyumba, anakutana na kamari. Siku moja Mzee Mwinjuma, Alhaji mzima, aliwaita jamaa zake wa msikitini awaonyeshe hoteli yake ndani ya kioo, na juu ya jina lake likachomoza tangazo la mwanamke ambaye nguo zilimpungukia. Wazee wale waliondoka bila kumaliza kahawa.

Hapo ndipo alipoingia Rogers. Rogers alisoma kompyuta India, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Akamwambia Mzee atatujengea mtambo wetu wenyewe, si wa kuomba kwa mtu. Jina letu mlangoni, matangazo hakuna, na mgeni anajichagulia chumba akiwa kwao.

Na mie, mdomo uliniponza, nikadakia, "Kweli Mzee, mpaka lini hoteli kubwa kama hii ikae nyumba ya kupanga?"

Mzee akapiga meza. Mengine mnayajua.

*

Neno la nyumba ya kupanga halikulala. Jioni ile ile lilimfikia Bi Mwanakombo, na asubuhi nilimkuta kaketi kwenye kiti changu.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nasikia mnahama."

"Tunahama, lakini si kuhama kwa..."

"Mwezi umebakiza siku ngapi?"

"Mwezi wa Mei?"

"Mwezi wa Mei nimeuuliza mie? Wee Mhaya, usomi wako wote hujui tuko mwishoni mwa Mfungo Nne, mwezi wa nne tangu Ramadhani? Ukiandama unaingia Mfungo Tano. Mfungo Tano hakuna mtu anayeoa, hakuna anayefungua duka, wala anayehama nyumba. Mtu aliyehamia Mfungo Tano hata paka wake hamfuati."

Nikamweleza kwamba hii ni nyumba ya kusema tu. Akaniuliza ina namba? Nikasema ina namba. Ina mtaa? Ina mtaa. Ina mwenye nyumba? Naye yupo. Nilijenga nyumba kwa mdomo wangu, sasa nikafungiwa ndani yake.

"Basi mtoke kabla mwezi haujaandama," akasema. "Na mkitoka mtoke kweli. Vitu vyenu vyote. Hatuachi kitu kwenye nyumba ya watu."

"Bi Mkubwa, utaratibu wake ni tofauti. Unakaa ya zamani mpaka mpya iwe tayari. Halafu hata ukishahamia, unaiacha ya zamani na kibao mlangoni, kwamba tumehamia kule. Zinakuwa mbili kwa muda."

"Nyumba mbili?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wanaume wangapi mjini hapa wana nyumba mbili kwa muda? Muda huo umeshawahi kuisha?"

Mzee Mwinjuma anaogopwa na wapishi, na wavuvi, na hata afisa wa afya. Yeye anamwogopa dada yake. Nilikwenda kumshitakia, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Koku, Rogers kasema lini?"

"Kasema kesho kutwa, Mzee."

"Basi kuna ishu gani? Toeni leo, muingize kesho kutwa. Siku mbili hazijamuua mtu."

Wasomaji wangu, Rogers ni fundi. Fundi ni fundi, awe wa saruji, awe wa cherehani, awe wa kompyuta aliyesomea India. Mie nilishonewa gauni la kipaimara likaja nikiwa na mchumba. Nilijua kabisa kesho kutwa ya fundi ni nini. Nikaenda kutoa.

*

Bi Mwanakombo alikuja na chetezo. Akafukiza ubani mpaka nikahofia kompyuta itakohoa. Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwangu asimamie.

"Anza na vitanda," akasema.

Vitanda vikatoka. Kamba wa kukaanga wakatoka. Wadenishi wawili walioungua jua, waliotupa ruhusa ya kuwaweka, nao wakatoka. Bei zikatoka, namba ya simu ikatoka, ramani ya kutoka Mwenge ikatoka.

"Usiache hata msumari. Mtu akihama hata glopu anafungua."

Ikabaki picha yake. Barazani, na ungo, na mchele. Akainama karibu na kioo, akajitazama kama unavyomtazama mtu unayemfahamu kwa mbali.

"Hii inahamia kesho kutwa?"

"Rogers ndivyo alivyosema."

"Na mtu akinitafuta leo?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na neno mdomoni. Ningesema Bi Mkubwa, hii moja tuiache. Nikaanza hata, nikasema, "Tunaweza tukai..." Akanikata.

"Picha yangu ibaki peke yake kwenye nyumba tupu? Apite mwenye husda aiokote anifanyie mambo? La. Itoe, mwanangu. Miaka sita kanyamaza, siku mbili asiponiona kuna nini."

Nikatoa. Kompyuta ikauliza kama nina hakika.

"Inasemaje?"

"Inauliza kama tuna hakika."

"Umbea wake! Mwambie ndiyo."

Nikairudisha na namba yenyewe kwa Wamarekani. Nikafuta jina, nikafunga, tukawa hatuna chetu Mtaa wa Pwani. Bi Mwanakombo akapitisha chetezo juu ya kompyuta, akasema alhamdulillahi, tumetoka salama.

Kesho kutwa ikafika. Rogers akaja na kalamu zake tatu.

"Braza, tunaingia?" nikamuuliza.

"Kuna kitu kidogo kwenye database."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo. Ukichagua chumba kimoja, inakuandikia vyumba vyote. Nipe kesho kutwa."

Jioni ile watoto wa Kunduchi walipiga kelele ufukweni. Mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba kama ukucha. Mfungo Tano uliingia, na hoteli ya Mzee Mwinjuma ikiwa haina pa kulala.

*

Sitawasimulia wiki ile yote. Wakala wa Denmark alipiga simu kuuliza kama tumeungua. Mwingine akaleta faksi ya pole. Mzee akaanza kuniita "wewe" badala ya Koku, nami nikajua kazi ya tatu inanukia kule zilikokwenda mbili za kwanza.

Halafu, muujiza! Rogers akamaliza. Nasema akamaliza kweli, niliona kwa macho yangu. Mtambo wetu wenyewe, jina letu mlangoni, unachagua chumba kimoja unapewa kimoja. Na picha ya Bi Mwanakombo mbele kabisa, kubwa kuliko ya zamani. Kilichobaki ni kuufungua tu watu waingie.

Nikakimbia nyuma kwenye nyumba ya familia.

"Bi Mkubwa, iko tayari!"

"Alhamdulillahi. Mtaifungua Mfungo Sita."

"Mfungo Sita? Hiyo si ni wiki tatu mbele!"

"Ndio mwezi wa Maulidi. Tutasoma na maulidi kabisa, tule biriani."

"Na Twaha?"

Jina hilo watu wa nyumba ile hawalitaji ovyo. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Wee mtoto," akasema taratibu, "unadhani sijafikiria? Nalala nafikiria. Lakini nikimfungulia mlango wenye nuksi, atakayeingia na nuksi si yeye? Mie nimemzaa, si wewe. Acha mwezi upite."

Niliondoka nimekasirika, nikampelekea Rogers habari. Rogers alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia akajicheke na kalamu zake.

*

Siku mbili baadaye, asubuhi, niko mapokezi, nikasikia kilio getini.

Si kilio cha mtu mmoja. Wanawake kama thelathini walishuka kwenye lori, kanga vichwani, mikeka makwapani, ndoo na masufuria mikononi. Nyuma yao wanaume wakashusha turubai na gunia la mchele. Mbele ya wote alikuwa Bakari, muuza vipuri wa Kinondoni aliyecheza na Twaha tangu utotoni. Alikuwaga anakuja kila Idi kumwamkia Bi Mwanakombo, huyo namjua. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole dada," akanipa mkono. "Pole sana. Kazi ya Mungu."

"Asante," nikasema. Mnanicheka? Mtu akikupa pole msibani unasema nini? Nikadhani ni Mzee. Nikaanza kulia, tena nalia kwa ajili ya kazi yangu.

Kilio kikafika nyuma. Bi Mwanakombo akatoka mbio kavaa kanga moja kajitanda nyingine, naye keshaanza kulia kabla hajajua. Akamkumbatia mama wa kwanza aliyemkuta, mama wa Kinondoni asiyemfahamu, wakalia pamoja wakiyumba.

"Nani jamani?" akauliza katikati ya kwikwi. "Nani katutoka?"

"Bi Mwanakombo!" yule mama akapiga yowe.

"Innalillahi! Bi Mwanakombo yupi?"

"Wa hapa Kunduchi! Mama yake Twaha!"

"Maskini! Mama yake..."

Akamwachia yule mama. Akajishika kifua, akajishika mashavu.

"Mama yake Twaha si mie?"

Loh! Kumbukeni ni mama wa watu wazima, lakini sauti iliyotoka pale ilitawanya msiba wote. Wengine walikimbilia lorini wakidhani ni mzuka. Bakari alianguka juu ya gunia la mchele. Mzee Mwinjuma alitoka ofisini na kanzu ya nje ndani, akamkuta dada yake yu katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anafoka.

"Nani kanizika? Bakari! Wewe mwana wa watu wazima, unaniletea turubai nikiwa hai? Kwa nini hukupiga simu kuuliza?"

"Bi Mkubwa," Bakari akasema akiwa bado chini, "msiba unapigiwa simu kuulizwa? Ningeanzaje? Haloo, eti mmefiwa? Msiba unaendewa."

Wanawake wakaitikia, kweli, unaendewa. Hata Bi Mwanakombo akaitikia nao, maana yeye mwenyewe asingepiga simu.

"Na nani kakwambia nimekufa?"

Bakari akanyanyuka. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Twaha," akasema.

Bi Mwanakombo alitafuta kitu cha kushika, akanishika mie.

"Sema tena."

"Kanipigia dukani jana jioni. Yuko Ugiriki. Analia kwenye simu. Anasema, 'Bakari, mie kila nikishuka bandarini natafuta kompyuta namtazama mama. Ameketi barazani, anachambua mchele. Mwaka mzima namtazama. Juzi nimekwenda, hayupo. Baraza halipo, hoteli haipo, pamefutwa pote. Bakari, mama amekufa?' Nami nikamwambia sijasikia, lakini nyumba ikifutwa yote hivyo..." Akaniangalia. "Nilimwambia awe mwanaume."

Alimwona. Mwaka mzima alimwona. Ijumaa zote zile nilizosema bado, Bi Mkubwa, mtoto alikuwa kakaa mahali anamtazama mama yake. Mawe, mama yangu wee! Nililia, na safari hii sikulilia kazi.

"Kwa nini hakuandika?" Bi Mwanakombo akauliza. "Kwa nini hakupiga simu? Namba ilikuwapo."

"Aibu, Bi Mkubwa. Kasema alitaka arudi na kitu mkononi."

"Kitu gani? Nilimwagiza kitu gani mie?"

Bakari akaendelea kwa sauti ya chini. Twaha alipiga kutoka kibanda cha barabarani, namba hana. Kesho asubuhi anapanda meli ya Brazili, mkataba wa miaka miwili, na kasema kama mama hayupo basi haoni cha kumrudisha huku. Leo atapita tena mara ya mwisho kwenye kompyuta, kule kule kwa zamani, aangalie. Halafu basi.

Nikamgeukia Rogers, aliyekuwa ametoka ofisini nyuma ya Mzee. "Fungua mtambo sasa hivi!"

"Naweza kufungua," Rogers akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Lakini hiyo anuani mpya Twaha ataijulia wapi? Yeye anajua ile ya Mtaa wa Pwani. Na ile mliirudisha."

"Tutaichukua tena."

"Kama hajaichukua mtu. Kiwanja kikiachwa wazi, anayekuja kwanza anajenga."

Bi Mwanakombo aliniangalia, nami nikaangalia chini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tulikuwa tumeuacha mbacha, tukaufukizia na ubani.

*

Simu ya hoteli, ambayo ndiyo njia yetu ya mtandao, ilikuwa ikikoroma tangu mvua ya jana usiku, mtandao haushiki. Tukapanda pikapu ya samaki, mie na Bi Mwanakombo mbele, Bakari nyuma na barafu, mpaka kwenye intaneti kafe ya Kinondoni. Tuliwaacha waombolezaji wakipika. Mchele ukishapelekwa msibani haurudi, walisema, na marehemu mwenyewe hakukataza.

Kafe ilikuwa chumba kimoja, mapazia mazito, kompyuta nne. Bi Mwanakombo hakuwahi kuingia mahali kama pale. Aliwasalimia vijana wote waliokuwa ndani, mmoja mmoja, na wote wakaacha kubonyeza wakamwamkia.

Nikaingia kwenye ule mtaa. Nikaandika 2714. Nikaomba kiwanja.

Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa.

"Inasemaje?" akauliza.

"Bi Mkubwa..."

"Sema."

"Pana mtu. Imepata mpangaji mwingine."

Alifumba macho. "Amekwisha hamia? Mfungo Tano?"

"Amekwisha hamia."

"Basi hana wazazi huyo wa kumkataza. Fungua tumwone. Tumwombe. Atakuwa na mama naye."

Nikafungua. Zile kompyuta za wakati ule mnazikumbuka, maneno yanakuja kwanza, picha inafuata ikipenda. Ukurasa ulikuwa mweupe. Mstari wa kwanza ulikuwa neno moja, kubwa, la Kiswahili. Nikalisoma kwa sauti kabla sijalifikiria.

"Hodi."

"Karibu," Bi Mwanakombo akajibu.

Alijibu kama anavyojibu mtu yeyote akiwa jikoni kwake, bila kugeuka. Halafu akafumbua macho. Nikasoma mstari uliofuata.

"Waliokuwa wakikaa hapa wamehamia wapi? Anayewafahamu aniandikie." Na chini yake anuani ya kuandikia.

Bakari akasogea. Picha ikaanza kushuka, kidogo kidogo, kutoka juu. Ukuta. Nywele. Paji la uso, na juu ya nyusi ya kushoto, kovu.

"Huo mwiko," Bi Mwanakombo akasema. Akaweka kidole kwenye kioo. "Huo mwiko nilimpiga mie. Aliiba sukari. Nilimpiga mwiko wa moto mie mwenyewe, nikalia kuliko yeye. Karibu, baba. Karibu. Karibu ndani."

Kijana wa kompyuta ya pembeni aliacha kazi yake akafuta pua.

"Andika," akaniambia. "Mwandikie karibu."

Na mie, sijui nini kilinipanda, pengine ni Uhaya, nikasema, "Bi Mkubwa, si tumesema Mfungo Tano hakuna kuhamia?"

"Nani kasema anahamia?" akanifokea mpaka dada wa kafe akasimama. "Huyu anarudi! Kurudi kwenu kuna mwezi? Andika!"

Nikaandika. Nakosea, nafuta. Twaha, karibu. Mama yako mzima, yuko hapa nami, anakuona. Tulihama tu.

"Mwambie nimekufa mara moja tu, asubuhi, na wali unaliwa."

"Hilo tutamwambia akija."

"Mwambie asipande hiyo meli."

Nikaandika usipande hiyo meli. Picha ilikuwa imefika puani. Nikabonyeza kutuma. Kile kichupa cha mchanga cha kukwambia subiri kikatokea katikati ya kioo, kikaanza kujigeuza, kikajigeuza, kikajigeuza.

Umeme ukakatika.

Kompyuta zote nne, pu! Giza la mapazia. Feni juu ikazunguka mara chache kwa mazoea, ikaacha.

"Mgao," mtu akasema.

"Jenereta!" nikapiga kelele. "Dada, washa jenereta, chonde!"

"Iko kwa fundi," dada wa kafe akajibu kutoka gizani.

"Anairudisha lini?"

"Kasema kesho kutwa."

Hakuna aliyecheka. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe, sikuthubutu kukiondoa. Nikasikia kiti kikivutwa ubavuni mwangu.

"Koku, mwanangu. Imekwenda?"

"Bi Mkubwa," nikasema, "sijui."

Akakisogeza kiti chake karibu zaidi na kile kioo cheusi, akajifunga kanga vizuri.

"Basi tukae hapa hapa," akasema. "Mtu kapiga hodi. Haachwi mlangoni."